Msumeno wa Meno Meusi

Baba yangu alimwita mvivu mwenye hela mtu yeyote aliyenunua msumeno mpya kwa sababu wa zamani umeisha makali. Miaka mingi alikuwa kwenye karakana ya shamba la mkonge Kimamba, akinoa kila chenye makali. Shamba lilipouzwa na wafanyakazi kurudishwa makwao, alitoka na tupa zake za kunolea na msumeno mmoja wa kupogolea miti, ulionolewa mpaka bapa likabaki jembamba kama mkanda wa saa. Tulikuwa tunamcheka. Siku hizi sicheki.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa akipanda juu ya miti. Alipogoa miti ya watu Kilosa mjini, Masanze, hata Mikumi kwenye nyumba za wageni. Alikuwa mwepesi juu ya mti, na nyumba nzima tulikula kwa miguu yake.

Msumeno wa zamani ulipokatika, alinunua mmoja wa ile ya nje iliyojaa madukani ghafla baada ya biashara kuwa huria: mpini wa plastiki nyekundu, ncha za meno nyeusi. Ulikata vizuri ajabu. Msimu ulipoisha ukawa butu.

"Baba, ngoja nikanunue mwingine," kaka alisema. "Dukani wanasema hii ya ncha nyeusi hainolewi. Ikiisha makali unatupa."

"Nani kakwambia chuma kinatupwa? Lete hapa."

Akaubana kati ya mbao mbili, akaweka tupa. Tupa ikateleza. Akabonyeza zaidi, tupa ikalika yenyewe. Akasema tupa za siku hizi ni feki kama betri, akanunua nyingine, nayo ikateleza. Hapo ubishi ukampanda. Akafungua skrubu za mpini, akamwambia mama aepue maharage, akalaza bapa kwenye mkaa hadi likawa jekundu, kisha akaliacha lipoe polepole majivuni.

"Haya, leo tutakula msumeno," mama alisema.

Asubuhi tupa iliyatafuna yale meno bila shida. Baba alimkabidhi kaka msumeno wake huku anacheka. "Umeona? Na wewe ulitaka kuutupa." Sote tulimsifu. Hatukujua kwamba ule ugumu uliomshinda ndio uliokuwa nguvu ya chuma chenyewe, na kwamba alikuwa ameutoa wote motoni.

Tulikwenda Masanze watatu: kaka kupogoa mkwaju ulioegemea bati la mama mmoja, baba kushika kamba ya kushushia matawi, mimi kuokota kuni. Tawi la kwanza lilishuka salama. La pili, nene, lilibana bapa katikati. Msumeno mzima ungepinda kidogo na kurudi. Huu ulipinda ukabaki hivyo hivyo, umenasa. Nilimsikia kaka akiulaani. Akaachia shina, akashika mpini kwa mikono yote miwili, akavuta. Ukachomoka ghafla, naye akaja nao chini, mgongo ukitangulia.

Baba aliuokota kwanza msumeno. Akaukunjua juu ya paja lake, ukanyooka bila kubisha, nao ukakaa ulivyowekwa. Nikaona uso wake ukibadilika. Ndipo akamkimbilia kaka.

Hospitalini walituambia miguu haitarudi kufanya kazi. Majirani wakaja na maneno yao, kwamba ni mipango ya Mungu, tushukuru amebaki na uhai.

"Mungu hakuuchoma ule msumeno," baba aliwajibu. "Niliuchoma mimi."

Sikumwonea huruma. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimwamkia shikamoo kwa kuwa lazima, nikamwekea chakula bila kumtazama. Kuuacha ubishi wake kungemgharimu nini?

Tupa hakuzigusa tena. Alizichukua kaka, maana kunoa ni kazi ya kukaa. Wapogoaji wenzake wa zamani walimletea misumeno barazani. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya meno, anaangalia ncha, na zikiwa nyeusi anaurudisha msumeno bila hata kuubana.

"Huu haunolewi, ndugu yangu. Kanunue mwingine."

Baba alikuwa hapo hapo kwenye mkeka, kwa sababu ndiye aliyembeba kaka kumtoa nje asubuhi na kumrudisha ndani jioni. Kila kaka aliposema hivyo, baba aliitikia kwa sauti ndogo, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Kweli. Kanunue."