Siwot Shingoni

Mama alikuja kwetu Kiptere apone homa. Homa ikaisha, hamu ya chakula ikakataa kurudi. Supu ya kuku aliisifu sana, akairudisha jikoni ikiwa vilevile. Mke wangu ni Mkisii na hajawahi kuona mgonjwa akikataa mboga yake ya saga. Mama alipoikataa, tulianza kuongea kwa sauti ya chini.

Asubuhi moja Mama akasema, akiangalia dirishani, "Siwot ningekula."

Siwot ni yale majani yanayowasha, yamejaa nyuma ya zizi la ng'ombe. Mtoto wa huku huyajua kwa miguu kabla ya kuyajua kwa tumbo. Nilichukua kikapu mbio. Nikamweleza mke wangu, ingawa hakuuliza, kwamba kila kinywele cha jani lile ni kama sindano ya kioo: ncha inavunjika, dawa inaingia. Ukiyachemsha, sindano zote zinalegea, unabaki na mboga.

"Profesa," akasema, "vaa glavu."

Nilivaa. Nikaanza kuchuma vile nilivyofundishwa nikiwa mdogo kwenye shamba letu la chai, majani mawili na kichipukizi, na mikono ikapata mwendo. Nilikuwa nawaza jinsi mmea unavyojihami kwa ukali huo wote halafu ukashindwa na sufuria. Kumbe kile kikapu kidogo kilikuwa kimening'inia mkononi, na mimi, kama mtu yeyote aliyelelewa kwenye chai, nilikuwa narusha majani nyuma ya bega, mahali ambapo kikapu cha chai hukaa. Yakaingia kwenye kola.

Nilivua shati mbele ya ng'ombe. Kutoka dirishani nikasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu afike: Mama alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Kijana, hiyo chai yako unampimia nani kilo?"

"Mama, inachoma."

"Okota hiyo yote. Hiyo ya mgongo pia."

Mke wangu aliichemsha, akaisonga na maziwa, akapika na ugali. Tulijifanya tunaongea habari za mvua. Mama alionja. Akala. Akasogeza sahani aongezewe.

"Chumvi ni kidogo," akasema, "na maziwa mmeyaonea huruma."

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Mama akianza kukosoa mapishi, amepona. Nilimpitishia chumvi kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa bado unakuna shingo.