Sauti Bila Gitaa

Wengine husubiri mwezi uandame. Mwaka ule mimi niliuombea mawingu. Niliomba kwa dhati, Mkristo mtoto wa mwalimu kutoka bara, ambaye kabla ya kukutana na binti yule sikujua Muharram inaingia lini wala inatoka lini.

Familia yake, Wahindi wa Kishia, walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Mimi nilikuwa karani wa mkandarasi, natumwa misumari na koki, na nilikuwa fundi wa kusahau kitu kimoja ili nirudi kesho yake. Yeye ndiye aliyeandika risiti. Tulipendana juu ya kaunta, mama yake amekaa palepale pembeni, kwa hiyo mapenzi yetu yote yalisemwa kwa lugha ya bei na ukubwa wa bomba. Mama alipoingia kuswali ndipo tulipoongea kama watu.

Siku moja aliniambia mama yake humwita mwenye moyo mkavu. Kila mwaka, miezi ya maombolezo ya Imamu Hussein, wakikusanyika majilisini kumkumbuka, wanawake wote wanalia, yeye macho makavu.

"Mama anaona aibu mbele ya wenzake," alisema. "Mie naumia, ila machozi hayaji. Nifanyeje?"

Kisha posa ikaja, ya watu wanaojuana na baba yake tangu zamani. Walitaka jibu kabla ya Muharram, kwa sababu ikishaingia wao huvaa nguo nyeusi miezi miwili na zaidi, na humo hakuna arusi, hakuna habari za posa, hakuna muziki.

"Nikisimama mbele ya mama nikatae, nakataa kwa ajili ya nini?" aliniuliza. "Wewe hujawahi kuniambia kitu. Unanitajia nati tu."

Alisema kweli. Mdomo wangu ni mzito, na kadiri moyo unavyojaa ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Nilichojua ni gitaa. Tulikuwa vijana watatu tunapiga roki katika jiji ambalo gitaa likikwaruza watu wanauliza kama spika imepasuka. Nikamwambia nitamwandikia wimbo, na utamfikia kabla ya mwezi. Usiku sikulala, mchana sikula. Kiitikio kilikuja chenyewe: nimenunua misumari ya nyumba ambayo sina.

Studio tuliyoimudu ilikuwa Temeke, chumba cha uani kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Prodyuza wake alikuwa mtu wa singeli, kazoea nyimbo zinazokimbia kama zinafukuzwa na mgambo.

"Braza, mbona unalia polepole hivi?" alisema. "Niongeze spidi kidogo, watu wasisinzie."

"Usiguse."

"Haya. Asiyesikia la mkuu."

Umeme ndio uliotumaliza. Tulirekodi ngoma, ukakatika. Tukarudi kesho yake, tukapiga gitaa, ukakatika kabla hatujahifadhi, gitaa lote likapotea, ikabidi tulipige upya siku nyingine. Mpaka siku ya mwisho, siku ambayo jioni yake mwezi ungetazamwa, sauti yangu ilikuwa bado haijaingia. Asubuhi hakuna umeme. Mchana hakuna. Nilizunguka ule uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikiangalia anga jeupe lisilo na hata wingu la kusingizia. Nililia, sioni haya kusema. Ulipowaka tayari ilikuwa alasiri. Niliimba mara moja tu, koo likakwaruzika kuliko gitaa, na prodyuza hakunitania. Akaunganisha harakaharaka, nikautuma jua likizama.

Jibu lilikuja mara moja. "Mwezi umeandama. Siwezi kusikiliza muziki."

Nikakaa chini kwenye mchanga wa uani. Nikamuuliza kuhusu wale wageni wa posa.

"Sijawajibu. Nimesingizia kichwa. Sasa mpaka tuvue nyeusi." Halafu ukaja ujumbe mwingine. "Nitumie sauti yako tu. Bila gitaa, bila ngoma. Nataka nisikie unasema nini."

Prodyuza akazima ala zote, ikabaki sauti yangu. Nilitamani kuingia chini ya meza. Ilikuwa inapasuka, inapumua vibaya, inakosa noti, na kila neno linasikika. Miaka yote nilikuwa nimejificha nyuma ya kelele.

"Tuma hivyohivyo," prodyuza aliniambia, taratibu. "Mie ningekuwa huyo sista, ningekuja kwa miguu."

Nikatuma. Siku zikapita bila neno, nami dukani siendi, naogopa kumwona kavaa nyeusi na kanyamaza. Ndipo akanipigia, ananong'ona.

"Nimekusikiliza kwenye gari, tunakwenda majilisi. Nimelia. Wenzangu wameshuka, mie nimeshindwa kushuka."

Nilijua nimeshinda.

"Mama akarudi kunitafuta," aliendelea. "Kanikuta na hedifoni masikioni, nalia. Kadhani nasikiliza maombolezo. Kanikumbatia, na yeye analia. Kanifuta kwa mtandio wake mwenyewe, kanishika mkono mpaka ndani, anawaambia wanawake wote, mwanangu moyo umefunguka."

"Mwambie ukweli," nilisema.

"Nimwambie nilikuwa namlilia nani?"



Wimbo bado tunaupiga, na gitaa lake lote. Watu wanaupenda, wanasema una hasira nzuri. Mama yake hajawahi kuusikia. Walipovua nyeusi, mama ndiye aliyemuuliza kama anaikubali posa ya wale wageni, na binti akaniambia baadaye kwamba alimuuliza kwa upole, amemshika mkono uleule. Naye akajibu ndiyo.