Kabati za Diani

Tumu binti Shehe alikuwa ameishika bisibisi miaka mingi kabla ya mtu wa nje kumwona nayo. Mumewe, Athmani, alikuwa seremala pale Gazi, na nyumba nyingi kuanzia hapo hadi Msambweni zilifungwa kwa milango aliyoitengeneza yeye. Watu walijua kwamba Tumu humshikia mumewe mbao, na hilo halikuwa jambo la kusemwa. Wasilolijua ni kwamba tangu macho ya Athmani yaingie ukungu, muda mfupi baada ya bendera mpya ya uhuru kupandishwa, bawaba zote zilikuwa zikifungwa na mkewe. Athmani alipapasa na kuelekeza, Tumu akakaza skrubu, na mwenye mlango alipokuja kuuchukua alimkuta Athmani amesimama kando ya mlango huo anajipangusa vumbi.

Ndipo ikaja kazi ya Diani. Hoteli mpya ilikuwa ikijengwa ufuoni, na msimamizi wa ujenzi, Chirau, alimjua Athmani tangu ujana wao. Kabati za vyumba ziliagizwa Ulaya, lakini hazikufika zikiwa kabati. Zilifika mbao tupu zimelazwa ndani ya katoni, pamoja na vifuko vya skrubu na bawaba, zikingoja mtu wa kuziunganisha. Athmani aliikubali kazi hiyo bila kuyataja macho yake. Tumu hakumlaumu. Alitia bisibisi, patasi na nyundo ndani ya kikapu, akavaa buibui lake, wakapanda basi la asubuhi.

Siku hiyo ya kwanza Chirau alidhani mama ameleta chakula. Alipopita tena alimkuta amepiga magoti mbele ya kabati, anafunga mlango, na Athmani ameushikilia kwa chini. Akamwita rafiki yake nje na kumuuliza kulikoni. Athmani hakuzoea kusema uongo, akamweleza yote. Chirau hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mwenye hoteli juu yake, na mafundi wengine walikuwa wamekwisha kuanza kucheka ukumbini. Akasema ni afadhali Athmani arudi nyumbani akajiuguze. Tumu naye, kama anataka kazi, atatafutiwa nafasi ya kufua mashuka hoteli ikifunguliwa.

Tumu aliyasikia hayo mlango ukiwa wazi. Hakuinuka.

"Mashuka yatapata wafuaji wake, Bwana Chirau," alisema. "Sisi tumekuja kwa kabati, na kabati tutazimaliza."

Ubaya ni kwamba kabati iliyokuwa mbele yake ilikuwa imekaa vibaya, na Chirau aliiona. Milango miwili ilitakiwa ikutane katikati, lakini juu ilipandana na chini ikaachana, hata kidole kilipita. Saraka za kuvuta za chini yake nazo kila moja ilitazama upande wake. Chirau akawapa hadi kesho yake jioni. Ikiwa kabati haijakaa sawa, ataita fundi mwingine.

Walipofika Gazi walimkuta Matano barazani. Huyu alikuwa mdogo wake Athmani, mwenye duka Msambweni, na habari zilikuwa zimemfikia kabla basi halijawashusha wao. Alisema kwa upole, lakini alisema mengi: kwamba msikitini ameulizwa kama ndugu yake siku hizi anakokotwa na mkewe mbele ya watu, kwamba ukoo una heshima yake, kwamba kazi iachwe na kila mtu akae mahali pake. Athmani alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasema huenda ndivyo ilivyo bora. Neno hilo lilimuuma Tumu kuliko yote ya Chirau.

"Shemeji," alimwambia Matano, "milango ya duka lako, ile ya mwaka jana, nimeifunga mimi. Kama ni aibu, nenda kaing'oe, ulale na duka wazi."

Matano aliondoka kahawa yake ikiwa nusu. Athmani akamwomba mkewe kesho wapumzike. Tumu akamjibu kwamba anayetaka kupumzika apumzike.

Kulipokucha alikwenda peke yake. Ndani ya basi alikishika kikapu mapajani, na bisibisi akaiweka juu, pasipo kitambaa cha kuifunika. Aliyetaka kutazama na atazame. Lakini alipofika mbele ya ile kabati ujasiri wake haukumsaidia sana. Alilegeza skrubu, akaupandisha mlango, akakaza, na mlango ukarudi palepale. Akalegeza za upande wa pili, mambo yakazidi. Bisibisi iliteleza ikamchubua kiganja. Nje fundi mmoja aliuliza kwa sauti kama mashuka yamekauka. Tumu akaikamata upya bisibisi. Alikuwa na hofu, na alichukia kuwa nayo, akaendelea kwa hasira tu.

Adhuhuri ilipokaribia, alimsikia Athmani akimshukuru mtu mlangoni. Kondakta wa basi ndiye aliyemshika mkono kutoka barabarani. Athmani aliingia akigusa ukuta.

"Jana mbele ya Matano nilikuacha peke yako," alisema.

"Uliniacha," Tumu alimwambia. "Haya, shika hapa."

Athmani hakushika alipoambiwa. Alipitisha viganja juu ya milango, akashuka ubavuni mwa kabati, kisha akachutama na kupapasa sakafu, akisogea polepole hadi chini ya dirisha.

"Unapigana na milango bure, Tumu. Sanduku lenyewe la kabati ndilo lililopinda. Sakafu hii inashuka huku."

Tumu alichonga kabari nyembamba, akaipigilia chini ya mguu wa upande wa dirisha, akaisukuma kabati ikasimama wima. Milango ikasogeleana. Iliyobaki ilikuwa kazi ya subira: bawaba zile zilikuwa na matundu marefu, skrubu ikilegezwa kidogo mlango hupanda au hushuka, kisha unakaza. Nyuso za saraka nazo zilishikwa kwa skrubu za ndani. Tumu alichomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa uliosimamishwa pembeni, akaikata vipande, akaviweka baina ya saraka na saraka ili nafasi zilingane, ndipo akakaza kwa ndani. Athmani alipitisha kidole.

"Ya kati imezidi kulia."

"Naiona. Sijaifikia bado."

Jioni Chirau alikuja akafungua milango, akaifunga, akavuta saraka moja moja. Hakusifu. Aliwaagiza vibarua walete katoni nyingine.

Kazi iliendelea hivyo, chumba baada ya chumba. Fundi yule wa mashuka hakuacha mzaha wake, na Tumu hakuacha kazi yake. Mara moja tu Tumu alikosana tena na Chirau. Mwenye hoteli alikuwa anakuja kukagua, na Chirau akamwomba Tumu, kwa adabu kabisa, aingie stoo kwa muda ili Athmani asimame peke yake. Tumu akasema stoo hakuna kabati ya kufunga. Yule mzungu mwenye hoteli alipoingia alimkuta amepiga magoti, bisibisi mkononi. Mzungu akavuta saraka moja, akauliza vyumba vitakwisha lini, akapita. Tumu alikuwa amejiandaa kwa vita, akakaribia kusikitika kwamba hakuvipata.

Matano hakung'oa milango ya duka. Hakumwamkia shemeji yake pia, hata sikukuu mbili zikapita, na Tumu hakumwendea kuomba radhi. Macho ya Athmani yalizimika kabisa, lakini kazini alikwenda, na vidole vyake vilimsumbua Tumu kwa kila nafasi isiyolingana.

Baada ya Chirau kuhamia kazi nyingine, kabati kadhaa za hoteli zililegea kwa unyevu wa pwani. Msimamizi mpya akatuma dereva Gazi. Dereva alipiga hodi, akauliza kama hapo ndipo kwa fundi Athmani.

"Athmani yumo ndani, anakunywa chai," Tumu alimwambia. "Fundi wa kabati ni mimi."

Dereva alimtazama, akatazama ndani, akasema ameagizwa amlete mwanamume.

"Basi rudi ukawaambie hukumpata."

Dereva alirudi garini, akakaa humo kwa muda mrefu bila kuwasha injini. Mwishowe akashuka, akamfungulia Tumu mlango wa mbele wa gari.