Mwisho wa Kitabu Ulionipeleka Misima

Sikuondoka Kwamndolwa, Korogwe, kwenda kutembea. Niliondoka kwa sababu ya barua ya mistari mitatu iliyoletwa na dereva wa lori la pamba. Ilisema: "Mwalimu Paulina, tafadhali njoo na mwisho wa kitabu. Mtu amepotea. Wanasema nimempoteza mimi." Aliyeiandika alikuwa Athumani, kijana aliyefundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Misima, Handeni.

Nijieleze kidogo. Miaka ile nilikuwa na kabati la vitabu katika darasa la kisomo la Kwamndolwa. Vilikuwa vya karani mmoja wa shamba la mkonge, na alipofariki mjane wake aliniletea kreti zima, akasema vinamjazia mende nyumbani. Nikawa naviazimisha mpaka vijiji vya Handeni, vikienda na kurudi kwa lori. Mimi mwenyewe ni msomaji mchaguzi na mbishi. Mwaka ule nilikuwa nimesoma kitabu cha upelelezi ambacho mwizi wake nilimjua kabla hata hajaiba, na kitabu chembamba cha ufugaji wa kuku nilichokipenda sana kwa sababu hakidanganyi. Lakini ugonjwa wangu hasa ni riwaya za mambo ya ajabu. Siwezi kuvumilia zile ambazo jini anatokea, anamfanyia shujaa kila kitu, basi kwaheri. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kuwa ajabu isiyodai kitu ni uongo mtupu, na mwandishi wa namna hiyo anatuona watoto.

Kitabu nilichompelekea Athumani kilikuwa cha aina ninayoipenda. Kilihusu mwanamke aliyepita nyuma ya kilima akakuta mji unaokaliwa na vitu vyote ambavyo watu wa upande huu wameviacha. Mashoka, vikombe, mbwa, nyimbo, vyote vipo, vinasubiri. Anachukua alichokifuata, na langoni mlinzi anamwambia: "Hakuna anayetoka bila kuacha kitu." Hapo ukurasa unaisha na kitabu kinaisha, kwa kuwa jalada lilikuwa limelegea na kurasa za mwisho zilidondoka zamani, kabla hakijafika kwangu. Nililijua hilo, na bado nikakipeleka. Nilijisemea wasomaji wapya wale hawatafika huko upesi. Ulikuwa uvivu, siupambi.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori lilelile, nikakaa mbele na dereva. Tulivuka daraja la Pangani maji yakiwa mekundu ya mvua za juu, tukaacha nyuma yetu mistari ya mkonge na milima ya Lutindi iliyofunikwa ukungu. Baada ya hapo ni vumbi na pori la Handeni, miti mifupi yenye miiba, na mara mojamoja wachungaji wa Kimasai wamesimama pembeni. Dereva hakuzungumza mpaka tulipokuwa tumekwenda sana.

"Wewe ndiye mwenye kitabu?" aliniuliza.

"Ndiye mimi."

"Mimi wamenikataza kupiga honi nikifika pale. Wanataka kijiji kiwe kimya, ili akiita wamsikie."

Nilicheka kidogo, kicheko cha kujitia moyo. Yeye hakucheka.

Saa tano tulifika. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, kwa kuwa watu wote walihamishiwa pale kutoka mashambani walikokuwa wameishi mbalimbali. Hakukuwa na sauti ya kutwanga, wala redio, wala mama anayemkemea mtoto. Watu walikuwa wameketi vibarazani wametazama upande mmoja, kule porini. Niliwasalimu, wakaitikia kwa kunong'ona. Nilijuta kuvaa viatu vyenye kisigino, maana vilikuwa vinasikika kijiji kizima.

Athumani alinieleza yote. Darasa lake lilikuwa saa nane mchana, watu wakitoka shamba. Siku alipoanza kuwasomea kitabu kile kwa sauti, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, alimwonya mbele ya wote kwamba ngano haisimuliwi jua likiwaka. Wao wameambiwa hivyo na bibi zao, kwamba ngano ya mchana humchukua msikilizaji.

"Nikamjibu hii si ngano, mzee, hiki ni kitabu," Athumani alisema. "Watu wakacheka, nikajiona nimeshinda."

Mbele kabisa darasani alikuwa akiketi Bi. Mwanaidi, mama wa makamo, mjane. Siku ya kuhama, trela la kubebea mizigo lilijaa, na kinu chake cha kutwangia kikaachwa nyumbani kwake kule zamani. Alipousikia ule mji wa vitu vilivyoachwa aliinua mkono, akauliza kama na kinu chake kiko huko. Athumani, kwa utani, akamjibu kitakuwepo, mama, tena kinakusubiri. Siku walipofika pale kitabu kinapokatika, Bi. Mwanaidi alikwenda kuni na hakurudi. Ilikuwa siku ya sita sasa. Walikuwa wamekwisha kulipekua pori zima.

"Wazee wanasema ngano imeachwa wazi na yeye yumo ndani," Athumani alimalizia. "Ikifungwa atatoka. Isipofungwa, mimi sina pa kukaa hapa. Mwalimu, umekuja na mwisho?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa amekonda. "Nimekuja nao," nikasema, nikagonga kipaji cha uso kwa kidole. "Niliusoma zamani, uko hapa." Njia ya mwongo ni fupi, tumeambiwa tangu utotoni, nami nilianza kuitembea bila hata kunywa maji.

Jumatano, jua lilipochomoza, Zaina alikuja kunichukua. Huyu ni binti pekee wa Bi. Mwanaidi, msichana wa miaka kama ishirini, macho yamevimba. Alitaka nipaone kwao kwa zamani. Tulitembea saa moja na nusu kwenye njia iliyoanza kumezwa na nyasi, tukafika kwenye mahame. Nyumba ilikuwa imeezuliwa, kuta zimeanguka upande. Lakini uwanja ulikuwa umefagiwa. Michirizi ya ufagio ilionekana dhahiri kwenye udongo, na juu ya michirizi ile hapakuwa na unyayo hata mmoja. Zaina aligusa mafiga, akaniambia niyaguse. Yalikuwa na uvuguvugu.

"Tulilala hapa siku mbili tukimvizia," alisema. "Hakuja mtu. Asubuhi tukaamka uwanja umefagiwa kutuzunguka pale tulipolala."

Alinionyesha pale kilipokuwa kinu. Palikuwa na duara tu ardhini, pana kama sinia, na ndani ya duara udongo ulikuwa mbichi. "Juzi kilikuwepo," Zaina alisema.

Akaita mama, mama, mara nyingi. Kisha akafanya jambo ambalo mtoto wa kule halifanyi, akamwita mama yake kwa jina: Mwanaidi. Sauti ilikwenda porini, haikurudi hata mwangwi. Niliogopa. Sisemi nilishtuka, naogopa hata sasa ninapoandika. Zaina aliketi kwenye figa moja akanishika mkono.

"Mwalimu, mimi sijui vitabu. Sitaki mwisho mzuri. Nataka arudi tu."

Nilimwahidi.

Saa nane mchana watu walikusanyika kwenye banda la darasa. Nilidhani tungesubiri jioni, lakini Mzee Mhina alikataa. "Iliyofunguliwa na jua ifungwe na jua," alisema. "Wewe soma." Jua lilikuwa kali, bati la banda linapasuka kwa joto, na watu mia wamekaa hawajipepei.

Nilisoma ukurasa ule wa mwisho uliokuwepo, mpaka kwenye maneno ya mlinzi. Kisha nikageuza jalada kana kwamba kuna kurasa, nikaendelea kwa kichwa. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mdomo ulipokiponza kichwa. Ningeweza kusema mlinzi akacheka, akamwachia, na mwanamke akaenda zake nyumbani. Maneno yale yalikuwa yamefika mdomoni. Zaina alikuwa ameketi mbele yangu, kwenye nafasi ya mama yake, na alichokuwa anakitaka nilikijua. Lakini msomaji mbishi ndani yangu alikunja uso. Mwisho wa bure namna hiyo, kwa kitabu kizuri kama kile? Hapana, ajabu lazima idai kitu. Nikasimulia kwamba yule mwanamke alijipekua, akakuta hana kitu cha kuacha isipokuwa jina lake. Akalivua kama kanga, akalitundika langoni, akatoka na mzigo wake, akafika kwao salama.

Watu walishusha pumzi. Mzee Mhina alipiga makofi mara moja, akasema imefungwa. Athumani alikuwa anafuta macho. Nami, Mungu anisamehe, nilijipongeza. Niliona mwisho wangu huenda ni bora kuliko ule uliodondoka.

Saa kumi, watu wakiwa bado hawajatawanyika, alitokea kwenye shamba la pamba. Alitembea pole, kinu kichwani juu ya kata, kanga zake safi kama za mtu anayetoka harusini. Zaina alikimbia akamkumbatia kiunoni, na yule mama akamshika kichwa, akatabasamu, akamwita "mwanangu". Wanawake walianza vigelegele.

Mzee Mhina alisogea. "Bi. Mwanaidi, karibu nyumbani."

Yule mama aligeuka nyuma, akatazama ni nani anayekaribishwa.

Vigelegele vilikatika. Walimwita mmoja baada ya mwingine, jirani zake, shemeji yake. Yeye alimtambua kila mmoja, akamuuliza habari za watoto wake kwa majina yao. Lakini kila alipoitwa Mwanaidi alisubiri kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine aitike. Zaina hakuwa anamtazama tena mama yake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mwalimu, kwa nini uliongeza?" aliniuliza. "Nilikwambia sitaki mwisho mzuri."

 Nilitamani ardhi inimeze, na katika kijiji kile sikuona kuwa hilo haliwezekani.

Jioni nilikiri kwa Mzee Mhina kila kitu: kurasa hazikuwepo, nilitunga. Nilimwomba aniruhusu nitunge tena, nimrudishe mwanamke langoni akachukue jina lake.  Hakunikaripia, ingawa nilistahili.

"Ukiufungua mlango huo, mwalimu, utajua atakayetoka ni nani?" alisema. "Muulize mwenye mama."

Zaina alikuwa nje anatwanga mahindi kwenye kinu kile, mama yake kando anapepeta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutwanga. "Iache hivyohivyo," alisema. "Nyumbani yupo."

Alhamisi asubuhi walinisindikiza barabarani, Zaina na mama yake pia. Lori lilikuwa limesimama. Nilikuwa naagana na wazee pale Athumani alipokuja mbio na mkoba wangu niliousahau, akaniita kwa mbali: "Mwalimu Paulina."

"Abee," niliitika.

Na pembeni yangu, kwa sauti laini ya mtu aliyeitwa mwenyewe, Bi. Mwanaidi naye aliitika: "Abee."

Hakuna aliyecheka. Athumani alisimama na mkoba. Mzee Mhina alinong'ona kwamba hilo ni jina la Kikristo, ataswalije nalo mtu, lakini Zaina hakumsikiliza. Alimshika mama yake bega, akajaribu polepole: "Mama. Paulina." Mama yake akamgeukia uso wote umechangamka, akasema, "Abee, mwanangu, mbona mnanichelewesha kuniita?"

Zaina alilia palepale. Kisha akanijia, akapiga goti kama mtu anayeomba kitu kikubwa. "Shikamoo mwalimu. Niachie hilo jina."

Nilifikiri nitacheka, nimwambie jina si chumvi ya kuazimana, na kina Paulina wamejaa tele kule Korogwe. Sikucheka. Nilisema, "Nimekuachia," nikapanda lori. Dereva akaondoa gari bila honi.

Saa nane nilikuwa Kwamndolwa. Kitabu nilikirudisha kabatini, na tangu hapo sijakiazimisha kwa mtu. Riwaya za ajabu bado nazisoma, siwezi kuacha. Lakini niliyokuwa nikiwaambia wanafunzi siwaambii tena, kwamba ajabu lazima idai kitu. Nilikuwa nayasema hayo kwa mdomo mwepesi kwa sababu anayelipa alikuwa siku zote mtu wa kwenye kitabu. Nimejifunza kumuuliza msikilizaji anataka nini, na akiniambia, kumpa hichohicho.

Jumapili ile dada yangu alikuja nyumbani amenuna. Alisema alinikuta sokoni nikichagua nyanya, akaniita Paulina mara tatu, karibu kabisa, watu wakageuka, mimi sikugeuka. Alidhani nimemkasirikia.

Nyanya nazikumbuka, na bei yake, na aliyeniuzia. Kuitwa sikuitwa.