Siku Mzee Nestor Alipoulizwa Kama Anapinga

Mtaniona mwongo, lakini mtu aliyekuwa anatubomolea nyumba alimkumbatia mzee wetu na kumshukuru mbele yetu.

Ilikuwa Austin, kwenye bunge la jimbo la Texas, 2017. Tulitoka Dallas alfajiri, Warundi tumejazana kwenye van ya kanisa. Nyumba tulizopanga zilikuwa zimeuzwa, zivunjwe, zijengwe za matajiri. Mimi na binti yangu Keza hatukuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa.

Tumaini lilikuwa moja tu: mji uwatoze wajenzi wakubwa ada, na ada hiyo ijenge nyumba za bei nafuu. Bunge la Texas nalo likaleta muswada wa kuikataza miji kutoza ada hiyo.

"Wakiwauliza, semeni mnapinga," Charlotte wa chama cha wapangaji alitukaririsha njia nzima.

Tukamsimamisha Mzee Nestor, katekista wetu, mbele ya kamati ya bunge. Jamani, mzee aliongea, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga! Mbunge mmoja akavua miwani, akajifuta macho.

Mwenyekiti akamuuliza kwa Kiingereza: muswada huu unauunga mkono au unaupinga?

Mzee akainamisha kichwa, akajibu.

"Tunaunga mkono. Sisi tunaheshimu serikali."

Na sisi huko nyuma tukapiga makofi! Kwetu mzee akimaliza kusema, anapigiwa makofi.

Keza akanishika mikono. "Mama, stop! He just helped them!" Yaani mzee amewasaidia wao.

Nje ndipo yule mwenye majengo, aliyekuwa anatubomolea, alipokuja na kumbatio lake na asante zake.

Nikamvaa mzee. "Mzee, mbona umetuua?"

"Mwanangu, kule kambini, tukiwa wakimbizi, kaka yangu alisema anapinga mbele ya wakubwa. Hatukumwona tena. Neno lilifika hapa," akashika koo, "likakataa."

Muswada ukapita. Notisi za kuhama zikaja. Mzee akaacha hata kula. Kila familia iliyofunga virago, aliifuata kuiomba msamaha.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza alichoniambia Charlotte.

"Mzee, usijitese. Kura zilikuwa zimeshatosha kabla hatujatoka Dallas. Hata ungepinga, muswada ungepita tu."

Nilidhani atapumua. Akaangua kilio.

"Kwa hiyo mimi nimeogopa maisha yangu yote, kumbe hakuna hata aliyekuwa ananisikiliza?"

Nikakaa naye mpaka akamaliza kulia. Sasa tumebanana na Keza kwenye chumba cha watu huku Mesquite, nje kidogo ya Dallas.

Ila wewe ukiulizwa, sema unapinga. Wakubomolee nyumba wakijua hukukubali.