Shamba Yangu, Shamba Langu

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha uchunguzi wa hati nilivaa suti, nikitarajia mitambo ya ajabu. Nilipewa lenzi, taa na kiti kibovu. Mkaguzi Mkuu, mtu mnene asiyependa salamu ndefu, alinifunza kazi yote kwa pumzi moja.

"Kijana, mwandiko ni mwendo. Mtu anaweza kujifanya anachechemea, lakini hebu mkimbize kidogo uone."

Baadaye nilihamishiwa magharibi. Kutoka Malaba nililetewa kadi za chanjo za madereva wa malori, zote zimetiwa sahihi na muuguzi mmoja ambaye, kwa ushahidi wa kadi hizo, hakuwahi kulala. Hizo zilikuwa rahisi. Sahihi ya kweli hubadilika kidogo kila mara. Zikifanana kama matofali, ujue zimenakiliwa. Kesi iliyonitoa jasho ilitoka Busia.

Mama Ajiambo, mjane wa fundi wa baiskeli, alikuwa akifukuzwa shambani kwake Bukhayo. Shemeji yake, Mwalimu Ouma, aliyefundisha Kiswahili kule Sigalame mpaka akastaafu, alikuwa ameleta mkataba. Ulidai kwamba marehemu, kwa mkono wake mwenyewe, alimuuzia shamba lote.

"Mzee, kaburi ya bwanangu iko kwa hiyo shamba," Mama Ajiambo aliniambia. "Wakinitoa, nitaenda wapi na hawa watoto?"

Roho iliniuma. Marehemu hakuacha mwandiko wa kulinganisha ila jina lake alilolipaka rangi kwenye baiskeli za watu. Ilibaki kuuchunguza mkono wa Mwalimu mwenyewe.

Inspekta wa Busia alimwita atoe sampuli, yaani aandike tutakachomsomea. Mwalimu akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, herufi zikatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Nikamkumbuka Mkaguzi Mkuu, nikaanza kumkimbiza.

"Andika: Mimi nauza shamba yangu."

Kalamu ikasimama. "Ni langu, afande."

"Hiyo itaamuliwa kortini," Inspekta akamkata. "Wewe andika."

"Sizungumzii kesi, afande, nazungumzia sarufi. Ni shamba langu. Ngeli ya LI-YA."

"Andika vile umeambiwa, mwalimu."

Nikaongeza kasi. Shamba yangu hii. Shamba yangu yote. Maskini, alitokwa na jasho mpaka kwenye kola. Mara ya tatu uvumilivu ulimwishia: kalamu ikahamia mkono wa kulia, akaandika "shamba langu lote", kisha akalipigia mstari mara mbili. Mkia wa herufi g ulijikunja nyuma kama ndoana za wavuvi wa Osieko, uleule wa kwenye mkataba. Hata mkandamizo, yaani nguvu ya kalamu juu ya karatasi, ulikuwa mmoja. Nilitoa ushahidi, na hakimu akaufuta mkataba.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama kompyuta zitaimaliza kazi hii, nami huwajibu kwamba sijui. Kisha huwasimulia tulivyotoka mahakamani siku ile. Mama Ajiambo alikuwa akilia bila kujificha, na mimi macho yangu hayakuwa makavu.

"Shamba yangu imerudi," alikuwa akimwambia kila aliyempita. "Mungu ni mkubwa, shamba yangu imerudi."

Mwalimu Ouma, akiongozwa na askari wawili kuelekea garini, akageuza shingo.

"Limerudi," akasema.