Kuku wa Iguguno Alivyoniumbua kwa Mkwe

Kosa ni langu, jamani. Simsingizii shetani, maana mwezi wenyewe ulikuwa Ramadhani na tunaambiwa anafungwa minyororo.

Wakati huo ndipo kompyuta zilipokuwa zinaanza kuzoeleka Singida mjini. Nilifanya kazi na wapimaji wa visima kutoka nje, wakanifundisha mchezo wa kusaka makopo. Mtu anaficha kopo porini, kwenye mawe au shina la mti, anatoa namba za mahali lilipo, nawe unalitafuta kwa kifaa cha GPS. Ukilipata unasaini kijitabu kilichomo ndani, unalirudisha pale pale. Hupati chochote. Ujinga mtupu, lakini nilinogewa!

Kila kopo nililopata niliingiza kwenye programu ya kompyuta: tarehe, mahali na maelezo. Na mimi kwa maelezo! Niliandika jua, mbwa aliyenikimbiza Kinyangiri, hadi nilichokula. Uzuri wa programu ile, ukiandika neno moja tu, inakuletea kila siku uliyolitaja. Nilikuwa na makopo arobaini na mawili na nilijiona profesa.

Nilikuwa nimemposa Zuhura. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kuku, wale wa kupeleka matenga kwa matenga Dar. Siku ya Idi nikaona nimwonyeshe mzee utaalamu. Nikabeba laptop ya kazini mpaka sebuleni kwake.

"Shikamoo baba. Taja neno lolote, mashine italitafuta."

Angetaja mvua! Angetaja mawe!

"Kuku," akasema.

Yakaja majibu matano. Mzee akavaa miwani, akasoma la kwanza kwa sauti.

"Iguguno. Kopo nimelipata chini ya jiwe. Saa saba mchana nimekula nusu kuku na chipsi. Nimeshiba sana." Akaisogelea tarehe. "Hii si Ramadhani iliyoisha jana?"

"Si ndiyo siku aliyofuturu hapa?" mama yake Zuhura akadakia. "Nikamwongezea magimbi mara tatu, nikasema maskini, kijana kashinda juani na swaumu yake!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ni kweli aliniongezea, na mimi nikamjibu kwa sauti dhaifu, "Tumezoea, mama." Tumezoea! Mtu na chipsi zangu tumboni!

"Nilikuwa safarini, baba," nikajitetea. "Msafiri ameruhusiwa."

"Kula umeruhusiwa," mzee akasema. "Na ile midomo uliyoikausha kwenye mkeka wangu, nayo uliruhusiwa?"

Kisha akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akaniambia niilipe siku yangu, yameisha. Nikapumua. Ningeifunga laptop pale pale, leo ningekuwa mume wa mtu!

Lakini Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vitumbua. Akasema taratibu, "Hebu tafuta Zuhura."

Mzee akaandika mwenyewe, herufi moja moja, huku anatabasamu. Kompyuta ikapekua miaka miwili ya maisha yangu. Haikupata kitu.

Mzee akadhani kakosea, akaandika tena. Patupu.

"Kuku mara tano," Zuhura akasema. "Mimi hata mara moja."

Nikaanza kueleza kwamba ile ni programu ya makopo tu, si ya mapenzi. Jamani, nilijisikia mwenyewe ninavyochekesha! Akaweka sinia chini, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka naondoka.

Wiki ile ile posa ikarudishwa. Sasa ameolewa Mitundu, ana watoto watatu, na nasikia mume wake hajui hata kuwasha kompyuta. Roho inaniuma mpaka leo.

Ninyi mnaopenda kuwaringishia watu mashine zenu, nawasihi. Kabla hujamwambia mwenzio ataje neno, jifungie chumbani ulitafute jina lake kwanza. Usipolikuta, usihangaike kuliandika usiku huo huo. Nenda kamwombe radhi.